Sheria ya Watatu kwa Mmoja

Nilifukuzwa kwenye barza yangu mwenyewe kwa kura halali, chini ya sheria niliyoiandika kwa mkono wangu, kwa bic yangu, katika kaye, daftari niliyoinunua mimi. Naanza na hilo ili msomaji asihangaike kutafuta mjinga wa habari hii ni nani. Wengine watatu nitakaowataja walikuwa na akili timamu tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwanza mnijue. Nakaa Baraka, natengeneza redio, tochi na taa za wavuvi, na kazi hiyo niliichagua kwa sababu moja: vitu vilivyoharibika vinaletwa. Havikufuati uende kwao. Tangu nipate diplome yangu ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, sijaenda mbali. Ubwari naiona kila asubuhi nikipiga mswaki, imelala pale ng'ambo ya ziwa na milima yake, na sijawahi kukanyaga huko. Watu wa Minembwe huteremka siku nyingi kwa miguu na pikipiki kuja kuuza jibini, na hunikuta nimekaa palepale waliponiacha safari iliyopita. Mke wangu huwaambia wageni: "Huyu mukimukosa kwa barza, musiulize. Mutafute sanduku, amekufa."

Basi barza hiyo, kibaraza cha mbele ya nyumba, ndiyo ilikuwa dunia yangu. Meza ya kazi upande mmoja, benchi upande mwingine, na katikati nafasi ya ubao wa dame, yaani drafti.

Huku kwetu wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanaingia ziwani na taa, na samaki wanafuata mwanga. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, mwanga umejaa kila mahali, samaki hawana sababu ya kufuata taa ya mtu, kwa hiyo wavuvi wanapumzika karibu juma zima. Ndiyo juma langu la kazi nyingi, maana taa zote mbovu zinaletwa, na ndilo lilikuwa juma letu la mchezo. Mvuvi mmoja, jirani wa chini karibu na mahali mitumbwi inapopakia kwenda Ubwari, aliniletea taa tatu siku moja, akaleta na ubao wake kwapani ili asichoke kusubiri. Akamkuta mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye huja kwangu kusikiliza habari kwenye redio za watu. Baadaye akaongezeka mama jirani, mkulima, mtu wa Burundi, aliyekimbilia upande huu zamani na sasa nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa mihogo tu. Alikuja kuazima moto. Akatazama mchezo dakika mbili, akasema, "Uyu papa anakufa mara tatu na hajue." Huyo papa nilikuwa mimi. Tukamwambia akae.

Shida ilianza siku hiyohiyo. Kila mmoja alikuwa amejifunzia dame mahali pake. Kwa mvuvi, alivyocheza utotoni Ubwari, kifuniko cha chupa, ndiyo kete yetu, kikifika mwisho wa ubao kinakuwa mfalme, na mfalme anaruka mbali anavyotaka. Kwa mwalimu, mfalme anatembea hatua moja, na ukikosa kula kifuniko ulichopaswa kula, unanyang'anywa chako. Mama jirani alijifunza katika kambi ya wakimbizi, na sheria ya kambini ilikuwa kwamba mtu akiinuka kabla mchezo haujaisha ameshindwa, kwa sababu kule wachezaji walikuwa wengi na ubao mmoja. Tulibishana mpaka mwalimu akapiga meza yangu ya kazi, nati zikaruka.

"Tupige kura!" akasema. "Tusipigane kama makuku."

Tukakubaliana hivi: anayeshinda mchezo ana haki ya kupendekeza sheria moja, mpya au ya kufuta ya zamani. Wote wanne wakiinua mkono, inaandikwa katika kaye. Mmoja akikataa, inakufa. Na sheria ya kambini ya kutoinuka tukaiandika ya kwanza kabisa, siku hiyo hiyo, na mama jirani mwenyewe aliinua mkono. Hakujua itakavyomtesa.

Nakumbuka yale mazungumzo kuliko michezo yenyewe. Ili sheria ipite ilibidi umgeuze kila mtu moyo, na mtu mmoja mwenye kichwa kigumu aliweza kula mchana mzima. Mvuvi alimwomba mwalimu mfalme arukaye kwa siku tatu. Alimletea mukeke wa kuchoma. Mwalimu alikula mukeke mpaka kwenye macho, akafuta vidole, akasema, "Samaki ni tamu. Mfalme anatembea hatua moja." Tulicheka mpaka mke wangu akatoka ndani kuuliza nani amekufa. Sheria nyingine zilipita kirahisi: kwamba mwalimu haruhusiwi kueleza mchezo uliokwisha, kwamba mvuvi asipige mluzi mtu akifikiri, kwamba mimi nisitumie kisingizio cha mteja. Hii ya mwisho niliinua mkono nikiwa wa mwisho, wote watatu wakinitazama.

Lakini mimi nina ugonjwa wa kupenda njia ya mkato. Nilitaka sheria yangu moja, kwamba mwenye nyumba aanze kucheza kila mara. Niliona ni haki: benchi ni langu, chai ni ya mke wangu. Kila niliposhinda nilipendekeza, na kila mara mwalimu alikaa na mikono yake mapajani.

"Kwa sababu gani, Mwalimu?"

"Kwa sababu ukianza, unashinda. Na ukishinda, unaongea."

Ndipo nikaanza kupiga hesabu za kura. Usiku sikulala kwa raha, mchana nilichoma kidole mara mbili nikiunganisha nyaya. Niliona wazi: tatizo si mwalimu, tatizo ni hiyo "wote wanne". Kama sheria ingepita kwa watatu, ningemwacha mwalimu na mapaja yake. Ila kubadilisha "wote" kuwa "walio wengi" ilihitaji kwanza wote wakubali, na mwalimu ndani yake. Kwa hiyo nikaenda kununua kura, moja moja, bila kutoka kwenye barza, maana nilisubiri kila mmoja aje peke yake.

Mvuvi nilimwambia: saidia hii yangu, na mimi nitapigia mfalme wako arukaye. Akasema, "Tangu lini we iko mutu muzuri?" lakini akakubali. Mwalimu nilimpa cheo. Nilisema kura iwe ya siri, ipigwe kwa mbegu ndani ya kopo, haragi ni ndiyo na hindi ni hapana, na yeye awe msimamizi wa kopo, atangaze matokeo. Mzee alinyoosha shingo. Miaka arobaini darasani na hakuna aliyewahi kumfanya msimamizi wa kitu chochote. Na mama jirani nilimpa kitu alichokitaka zaidi ya wote.

Yeye huanika mihogo yake juu ya mkeka kando ya njia. Mvua yetu ya huku haibishi hodi. Inateremka kutoka upande wa Bibokoboko na kabla hujamaliza kusema "wingu" imefika. Mihogo ikilowa imeharibika, inaota ukungu, unga unakuwa mchungu, na ndio bugali ya nyumba yake. Kwa hiyo wingu likija anakimbia. Na akikimbia ameinuka, na akiinuka ameshindwa, kwa sheria ileile ya kambini. Nilimshinda mara nyingi kwa namna hiyo. Aliomba sheria ibadilishwe: anayeinuka kuokoa chakula asubiriwe. Mvuvi alikataa kila mara, akisema ziwani mvua ikikuja hakuna anayewaambia samaki wasubiri.

Nikamwambia mama jirani: "Tukiwa na sheria ya wengi, mvuvi hana nguvu. Mimi, wewe na Mwalimu, tatu. Inapita."

"Kweli utapiga haragi?"

"Mama, mi nikuongopee we? Ua yetu iko moja."

Siku niliposhinda nikapendekeza sheria ya wengi, naye aliinua mkono. Wote waliinua. Na katika sentensi ileile, kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma maandishi madogo ya nyuma ya betri, nilikuwa nimeongeza kwamba kura zikilingana, mwenye nyumba ndiye anaamua. Hakuna aliyeuliza. Mwalimu alikuwa tayari anasafisha kopo.

Siku mbili nilikuwa mfalme, tena wa kuruka. Sheria ya mvuvi ilipita. Sheria yangu ya kuanza kwanza ilipita, na mwalimu alitangaza kushindwa kwake mwenyewe kwa sauti ya redio ya taifa: "Haragi tatu, hindi moja. Msimamizi amesikitika." Tulicheka. Lakini nikikumbuka sasa, kicheko kilikuwa kifupi. Hakuna aliyehitaji kumshawishi mwingine. Watu walitumbukiza mbegu, wakarudi kwenye ubao. Mukeke haukuletwa tena.

Halafu mama jirani akashinda. Alinishinda mimi, vizuri kabisa, vifuniko vyangu vimeisha vyote na vyake vitano vimebaki. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Mi napendekeza ile yangu ya mvua."

Hapa ndipo ningependa kusema niliteleza. Sikuteleza. Nilifikiri. Nilishika mbegu mbili mfukoni, haragi na hindi, nikahesabu: bila mawingu, huyu mama ananishinda michezo mitatu kati ya minne. Na anayeshinda ndiye anayependekeza. Nikijiahidi kwamba nitampigia haragi wakati mwingine, nikatumbukiza hindi. Kura ni ya siri, nilijiambia. Mvuvi atapiga hindi lake, watamwona yeye.

Niliyasahau maandishi madogo yangu.

Mwalimu akamimina mbegu kwenye kiganja, akazitazama muda mrefu kuliko inavyotakiwa kwa mbegu nne. "Haragi mbili," akasema. "Hindi mbili." Akanitazama juu ya miwani. "Zimelingana. Mwenye nyumba aamue."

Hakuna aliyehitaji diplome. Mama jirani alikuwa amepiga haragi, ni sheria yake. Mvuvi alikuwa amepiga hindi, hakuwahi kuficha. Walibaki wawili, na mmoja wao alikuwa mwalimu, ambaye alikuwa akimtazama yule mwingine. Hata hapo ningeweza kujiokoa. Ningesema tu "ipite," na wangedhani mkono ulikosea mfukoni. Lakini mtu aliyekwisha kupiga hesabu anaona aibu kuivunja hesabu yake kuliko kuvunja neno. Nikasema:

"Sheria ibaki kama ilivyo."

Mvuvi ndiye aliyecheka, na hakucheka vizuri. "Ata mi singefanya ivyo," akasema. "Mi namukatalia mbele ya macho."

Mama jirani alisema "Sawa" tu. Akapanga vifuniko upya, akacheza na mvuvi, akashindwa, akaaga. Mke wangu, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya mihogo, mlangoni, aliniambia jioni: "Ulisikia ile sawa? Mi ukiniambia sawa ya namna ile, nafunga nguo zangu."

Kesho yake mvuvi alishinda wa kwanza. Hakufikiri hata kidogo.

"Mi napendekeza kuanzia leo tucheze kwangu. Kuko upepo, kuko kivuli, na hakuna arufu ya soda ya kuunganisha nyaya."

Nilicheka. Nilidhani ni matani. Kopo likazunguka. Haragi ya kwanza ilipodondoka ilifanya "ti," ya pili "ti," ya tatu "ti." Hindi langu silikumbuki lilivyolia. Mwalimu akamimina. "Haragi tatu, hindi moja," akasema, na safari hii hakutumia sauti ya redio.

"Hakuna sheria inayoruhusu kuhamisha mchezo," nikasema.

"Hakuna inayokataza," akajibu mwalimu. "Na sheria ya wengi ni ya nani? Nisome ukurasa?"

Kwa ile ya zamani, hindi langu moja lingetosha. Ndicho kitu kilichoniumiza kichwa siku nyingi. Ile sheria niliyoiona ukuta mbele yangu ilikuwa ukuta nyuma yangu vilevile, na nilikuwa nimeubomoa na kuwapa matofali majirani. Zaidi ya hapo, kura zikilingana, mwenye nyumba sasa ni mvuvi. Sikuwa nimewaachia hata mlango wa nyuma wa kunirudishia.

Mvuvi akachukua ubao wake kwapani. Mwalimu akachukua kopo. Nilifanya jambo la kiume: nilikalia kaye. "Mtacheza bila sheria, tuone," nikawaambia. Walikwenda. Sikuweza kuwafuata, nilijiambia, kwa sababu nilikuwa na taa saba za kutengeneza. Nilizimaliza siku hiyo, zote, na baada ya hapo barza ikawa na benchi tu.

Siku ya pili walinunua kaye mpya.

Habari zililetwa na mke wangu, anayepita huko akienda kununua ndagala, naye hakuniletea kwa huruma. "Sheria ya kwanza wameandika ni ya mvua," akasema. "Ata muvuvi amepiga haragi. Anasema amechoka kushinda juu ya mawingu." Siku ya tatu: "Leo Mwalimu amekula mukeke tena." Siku ya nne: "Wameniuliza kama we iko mugonjwa. Nimesema ndiyo, lakini si ugonjwa mupya."

"Na wewe ulicheka?"

"Nilikaa kidogo. Kuko upepo kweli."

Mwezi ukapungua, mchezo ukaisha, mvuvi akarudi ziwani. Taa zake zilifika kwangu kama kawaida, akatuma salamu, hapakuwa na ugomvi. Hilo ndilo lililonishangaza: hawakunikasirikia. Walikuwa wamepiga kura tu, kama nilivyowafundisha. Mchana nilikaa mbele ya redio tatu zinazosema kila moja lugha yake, nikagundua kwamba kwa mwaka mzima wateja walikuwa wakija kwa ajili ya redio lakini wale watatu walikuwa wakija kwa ajili yangu, na tofauti hiyo sikuwahi kuihesabu. Nilihesabu mikono iliyoinuka. Kumbe zile siku ambazo mwalimu alitukatalia mpaka jua likashuka zilikuwa ndizo mchezo, na vifuniko vilikuwa kisingizio cha kukaa. Mtu ambaye anaweza kukuzuia, inabidi umletee samaki, umsikilize, umchekeshe. Mtu unayeweza kumpita kwa kura tatu, unampita.

Nasema haya ya barza tu. Kura kubwa za nchi nawaachia wanaovaa suti.

Mwezi mwingine ukaanza kunenepa, nikaona siku zinakaribia. Kama lile juma lingepita nao wakiwa kule, lingefuata lingine, na watu wangesahau kwamba mchezo uliwahi kukaa kwangu. Nikapiga hesabu mara moja zaidi. Nilihitaji kura tatu kuurudisha. Mwalimu angekuja, niliamini, kama ningemwahidi chai yenye maziwa. Kwa hiyo yote yalikuwa kwa mama jirani.

Nilimngoja apite kwenye barza. Hakupita. Nikangoja siku ya pili. Siku ya tatu nilizunguka ua wa mihogo, hatua kama ishirini, na mke wangu alisimama mlangoni kunitazama kama anayesindikiza mtu wa safari. Mama jirani alikuwa ametoka shambani, amekaa kwenye jiwe anajiosha miguu, jembe limeegemea ukuta.

"Karibu, jirani. Kuko nini? Nyumba inaungua?"

"Hapana, mama. Nimekuja tu kusalimia."

"Salamia basi."

Nikasalimia. Nikauliza habari za shamba, maharagi, goti lake. Alijibu yote, akimimina maji. Kisha nikaweka mambo yangu mezani. Nilisema nilikosea juu ya ile sheria ya mvua, na hilo lilikuwa kweli, lilinitoka kwa shida lakini kweli. Nilisema mchezo ukirudi kwangu, sheria yake itaandikwa ya kwanza, kwa herufi kubwa. Nilisema tutarudisha ile ya wote wanne, mtu asipitwe tena na yeyote. Nilisema nitafuta ile ya mwenye nyumba kuanza. Kwa mkulima aliyechoka, nilisema, kwangu ni karibu kuliko kwa mvuvi. Kilichobaki ni haragi yake moja tu.

Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Akapangusa mguu mmoja kwa kitenge, kisha wa pili, akaweka ndala chini, akanitazama kama alivyoutazama ubao siku ya kwanza.

"Papa," akasema, "we hautafute kura. Unatafuta batu barudi kukaa mbele ya mulango yako ili usitoke kwako. Sema vile, na mi nitakujibu: hapana."